Karakana ya mhunzi haianzi na paa

Kila mara viongozi wetu wanapotaka kuonyesha kwamba wanawajali mafundi wa jua kali, jambo la kwanza linalowajia akilini ni paa. Huezekwa mabanda, hukatwa utepe, hupigwa makofi na picha, kisha wageni wa heshima wakaingia magarini na kwenda zao. Desturi hii ina umri wa takribani miaka arobaini sasa, na aghalabu hakuna anayeuliza iwapo nyundo nzito inaweza kupigwa chini ya mabati hayo. Makala haya yanadai kwamba tumekuwa tukianzia mahali pasipofaa. Karakana ya mhunzi, hasa ile inayotaka kutumia mitambo mizito, huanzia sakafuni: katika ardhi yenyewe, vipimo vyake, uimara wake, na uhakika wa fundi kwamba kesho ataikuta pale alipoiacha jana.

Nitatoa mifano yangu Thika na Ruiru, na si kwa bahati tu. Reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, na tangu siku hizo mji huo umejulikana kwa viwanda. Ndiko kuliko na kiwanda cha kuunganisha magari cha Kenya Vehicle Manufacturers, kilichoanza miaka ya sabini kikiitwa Leyland Kenya. Ruiru nako kuna kiwanda cha Devki, ambacho hutengeneza nondo za ujenzi. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Ruiru, uliokuwa mji mdogo wa kupitia ukielekea Thika, umeupita Thika kwenyewe kwa idadi ya wakazi. Kila nyumba mpya inayojengwa huko inataka lango, madirisha ya vyuma, ngazi na vizuizi vya veranda. Kazi ya chuma, basi, haijakosekana. Kilichokosekana ni mahali pa kuifanyia inavyostahili.

Niruhusu, msomaji, nianze na taaluma yangu, yaani maneno. Lugha ya Kiswahili ina neno karakana, lililotujia kutoka Kiajemi, ambako kar ni kazi na khana ni nyumba. Karakana, kwa hiyo, ni nyumba ya kazi. Lipo pia neno kiwanda, ambalo leo tunalitumia kwa majengo makubwa yenye mabomba ya moshi, lakini ambalo katika matumizi ya zamani lilimaanisha mahali popote pa kufanyia kazi, hata uani penye uwazi. Nalo limekaa jirani sana na neno kiwanja, yaani kipande cha ardhi kilichotengwa kwa shughuli fulani. Sitaki kuyabebesha maneno mzigo yasioweza kuuchukua, lakini ni vigumu kutotambua funzo lililomo: wazee waliotuachia lugha hii hawakuona kiwanda mbali na kiwanja. Sisi tumevitenganisha. Tumeshika nyumba, tukaisahau ardhi inayoibeba na kazi inayofanywa ndani yake.

Wakikuyu, ambao ndio wenyeji wa eneo hili, wana neno lao: kĩganda, mahali pa mũturi, yaani mhunzi. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu maisha ya Wakikuyu, alieleza jinsi mchanga wenye madini ya chuma ulivyochotwa mitoni, ukaoshwa, kisha ukayeyushwa kwa makaa na mivukuto ya ngozi. Mhunzi alikuwa mtu wa kuheshimiwa na kuogopwa. Laana yake ilihofiwa kuliko za watu wengine, na si mtu yeyote tu aliyethubutu kuchezea vyombo vyake au kumvurugia mahali pake pa kazi. Mtu wa leo anaweza kuicheka imani hiyo. Lakini tukiitazama kwa jicho la mwanauchumi, tutaona kwamba hofu ile ilifanya kazi ya hati miliki. Kĩganda hakikuhamishwa ovyo. Jiwe la kufulia lilikaa palepale, na mtoto wa mhunzi alijua tangu utotoni mahali pa moto, mahali pa mivukuto, na mahali pa kusimama bila kumzuia babake.

Waswahili nao walinena kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kusana ni kufua chuma. Kuvukuta ni kuupuliza moto kwa mivukuto. Sisi walimu huwafundisha wanafunzi kwamba methali hiyo inahusu mtoto kurithi tabia au kazi ya mzazi, na maana hiyo ni sahihi. Lakini methali hiyo pia inatuchorea karakana. Ndani yake mna kazi mbili, na kila kazi ina mtu wake na mahali pake. Anayevukuta hasimami anaposimama anayesana. Mpangilio wa mahali pa kazi, jambo ambalo leo tunalidhania kuwa elimu ya kigeni ya wahandisi, umo ndani ya methali tunayoikaririsha darasani kila muhula.

Sasa tuingie karakanani. Moyo wa uhunzi ni pembe tatu: tanuri, fuawe na jiliwa. Tanuri hupasha chuma moto, fuawe ndilo pande la chuma ambalo juu yake hufuliwa, na jiliwa hukibana kisiteteme kinapokunjwa au kupigwa tupa. Chuma chembamba hupoa kwa muda wa sekunde chache tu baada ya kutoka motoni, na kikipoa hakisikii tena nyundo, ukilazimisha, hupasuka. Ndiyo sababu wahunzi wa dunia nzima huliweka fuawe umbali wa kugeuka na kupiga hatua moja kutoka tanuri: si karibu kiasi cha kumwunguza mtu mgongo, wala si mbali kiasi cha kupoza kazi. Kimo cha fuawe nacho hupimwa kwa mwili wa fundi mwenyewe. Akisimama wima na mkono umening'inia, ngumi yake inapaswa kugusa uso wa fuawe. Likiwa chini zaidi ya hapo, mgongo huumia. Likiwa juu zaidi, bega huchoka kabla ya saa sita za mchana.

Wanafunzi wanaweza kulifanyia hesabu jambo hili. Tuchukue kwamba panga moja linahitaji kurudishwa motoni mara 15 kabla halijakamilika, na kwamba fuawe liko hatua nne kutoka tanuri badala ya hatua moja. Kila safari ya kwenda na kurudi inaongeza hatua sita zisizo na kazi. Kwa panga moja, hizo ni hatua 90. Kwa mapanga 20 ni hatua 1,800, na nusu ya hatua hizo fundi anakimbizana na chuma kinachopoa mkononi. Makaa yanayoteketea ili kukirudishia joto lililopotea njiani hayalipwi na mteja. Yanatoka mfukoni mwa fundi. Hasara hiyo haionekani katika daftari lolote, maana hakuna anayeandika hatua daftarini.

Liko jambo jingine ambalo jina lenyewe la sekta hii linatuficha. Mafundi hawa wanaitwa watu wa jua kali kwa kuwa hufanya kazi juani bila sitara. Mhunzi, hata hivyo, jua kali ni adui wake kwa sababu zaidi ya ile ya kuungua ngozi. Joto la chuma husomwa kwa rangi. Chuma kinapofika nyuzi 750 hivi za Selsiasi huwa chekundu kilichoiva. Kikikaribia nyuzi 1,100 huwa na rangi ya chungwa inayoelekea manjano, na hapo ndipo kinapofulika kwa urahisi. Katika mwangaza wa adhuhuri rangi hizo hufifia machoni. Fundi huona chuma cheusi kumbe bado ni moto wa kutosha, akakirudisha tanurini, kikaungua na kuharibika. Kivuli kwa mhunzi ni kipimajoto chake. Kwa hivyo sisemi kwamba paa halina maana. Nasema kwamba paa lina kazi maalumu, na kazi hiyo haiwezi kutimia iwapo tanuri limewekwa mlangoni na gwaride la wanunuzi limewekwa ndani kivulini.

Hayo ni ya vyombo vya mkono. Mambo huwa magumu zaidi mitambo mizito inapoingia: nyundo ya mashine, msumeno wa kukatia vyuma, mashine ya kukunja mabati, kekee ya kusimama. Kila mtambo wa namna hii una miili mitatu, na anayepanga karakana hana budi kuipima yote. Wa kwanza ni mwili wa mtambo wenyewe. Wa pili ni mwili wa mtu anayeutumia, pamoja na njia ya kurukia nyuma mambo yakiharibika. Wa tatu, unaosahaulika kila mara, ni mwili wa kazi yenyewe.

Tuutazame huo wa tatu. Mabomba ya mraba yanayotumiwa kutengenezea malango huuzwa hapa nchini yakiwa na urefu wa mita 6. Fundi wa Ruiru aliyekodi chumba cha futi 20 kwa 30 anaweza kudhani kwamba nafasi inamtosha. Lakini futi 20 ni kama mita 6 tu, na hata futi 30 hazifiki mita 10. Ili aweze kukata bomba lake mahali popote apendapo, mwanzoni au mwishoni, anahitaji mita 6 upande mmoja wa msumeno na mita 6 upande wa pili: mita 12 za mstari ulionyooka. Hana. Dawa yake ni kuuweka msumeno sambamba na mlango, ili bomba litokeze nje linapohitaji kutokeza. Asipofanya hivyo ataishia kuukatia uchochoroni, mahali wanapopita watoto wa shule. Hitilafu ya kiwanja, kama unavyoona, huwa hatari ya mtaa.

Nyundo ya mashine ndiyo somo kubwa kuliko yote. Huu ni mtambo unaoinua uzito na kuuangusha mara nyingi kwa dakika, ukifanya kazi ambayo ingewachosha vijana wawili wenye nyundo nzito. Ili pigo liingie ndani ya chuma badala ya kupotea ardhini, fuawe la mtambo huo hutengenezwa likiwa na uzito wa mara kumi au zaidi ya ule wa nyundo inayoanguka. Pande hilo halikalishwi juu ya sakafu ya kawaida. Huchimbiwa shimo, likamiminiwa zege nzito iliyotengwa na sakafu nyingine, na aghalabu huwekewa magogo ya mbao ngumu yapunguze mtikisiko. Msingi huo usipojengwa, kuta za jirani hupata nyufa, vipimo vya mashine nyingine huyumba, na mtambo wenyewe huanza kutembea. Kwa ufupi, nyundo ya mashine hupandwa kama mti. Na mti haupandwi katika shamba ambalo mtu hajui kama atalivuna.

Ongeza hapo moshi, cheche na kelele. Mitungi ya gesi ya kuchomelea haiwezi kukaa ubavuni mwa tanuri. Mwanga wa kuchomelea kwa umeme huharibu macho ya jirani asiyefanya kazi hiyo, kwa hivyo unahitaji kiambaza. Mitambo mikubwa inataka umeme wa fezi tatu, ambao hauvutwi kwa waya uliofungwa kwenye mti. Kanuni za kudhibiti kelele kazini za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa katika kelele inayozidi desibeli 90 kwa wastani wa saa nane, na mlio wa nyundo juu ya fuawe hukipita kiwango hicho bila shida. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 nayo inataka kila mfanyakazi awe na nafasi isiyopungua mita 10 za ujazo. Banda la mita 3 kwa 3 lenye kimo cha mita 3 lina mita za ujazo 27. Watu wawili wanatosha. Wa tatu akiingia, sheria inasema pamejaa kupita kiasi. Na hapo hatujaingiza tanuri, fuawe wala bomba la mita 6.

Tukishayajua hayo, tuyatazame mazingira halisi ya fundi. Barabara kuu ya Thika, iliyopanuliwa kuanzia mwaka 2009 na kuzinduliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi Novemba 2012, ina urefu wa kilomita 50 hivi. Hapana asiyejua manufaa yake. Safari iliyokuwa ikila nusu ya asubuhi sasa ni fupi, na mji wa Ruiru umenenepa kwa sababu yake. Lakini kupanuliwa kwa barabara kulikuwa na maana ya kuondolewa kwa waliokuwa katika hifadhi yake: wauza maua, wauza samani, na mafundi wa vyuma ambao dirisha lao la maonyesho ni ukingo wa lami. Kisheria hawakuwa na pa kushika. Walihama, wakajibanza kando ya barabara za kuingilia mitaani, na kila zinapotanuliwa nazo, huhama tena.

Je, katika kuhama huko wanabeba nini? Wanabeba kinachobebeka. Mashine ndogo ya kuchomelea, ya kukatia na ya kusugulia, nyundo, koleo, na kipande cha reli kinachotumika badala ya fuawe. Kinachozidi nguvu za mkokoteni hakinunuliwi. Hapo ndipo ulipo msiba wetu wa viwanda, na ningependa mwalimu na mwanafunzi waushike vizuri. Tuna wizara, tuna idara za mipango, tuna wataalamu wenye shahada kadha wa kadha. Lakini anayeamua kiwango cha teknolojia katika karakana zetu ni mkokoteni. Fundi hakatai nyundo ya mashine kwa ujinga wala kwa woga wa mambo mapya. Anaikataa kwa sababu amepiga hesabu. Mtu anayeweza kuamriwa kuondoka kabla ya mwisho wa mwezi hamwagi zege ya msingi.

Matokeo yake tunayaona madukani. Kijana wa Thika anaweza kukunja maua ya lango kwa ustadi wa kustaajabisha, lakini jembe na panga vilivyotundikwa dukani aghalabu vimetoka ng'ambo. Lango ni kazi ya kukata na kuunganisha, na vyombo vyake vinabebeka. Jembe ni kazi ya kufua, nayo inataka pigo zito na msingi mzito. Tumekuwa taifa la kuchomelea kwa kuwa hatukuwapa watu wetu mahali pa kufulia.

Serikali haijakaa kimya, na haki inatutaka tukiri hivyo. Ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliozuru nchi hii mwaka 1972 uliifumbua macho dunia kuhusu wingi na uhodari wa mafundi hawa. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, akaahidi mabanda. Mwaka 1992 ulitolewa waraka maalumu wa serikali kuhusu biashara ndogo na maendeleo ya jua kali. Mwaka 2012 ilitungwa sheria iliyounda mamlaka ya kusimamia biashara ndogo na ndogo zaidi. Katika miaka hiyo yote neno lililorudiwa mno ni banda. Waswahili wangetuonya kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ukiingia ndani ya mabanda mengi utakuta yamegawanywa kama soko la mboga: vyumba vidogo vilivyo sawasawa, kana kwamba mshona viatu, fundi wa redio na mhunzi wana mahitaji mamoja. Usawa wa namna hiyo ni dhuluma iliyovaa joho la haki.

Mtindo mwingine ni wa kuwagawia mafundi mashine. Nao una kasoro ileile, kwani mashine hutangulia na mahali hufuata. Mtambo ukifika penye umeme hafifu, sakafu ya udongo na mlango mwembamba, utabaki umefunikwa turubai, nasi tutawalaumu mafundi kwamba hawataki maendeleo. Mtu hanunui ng'ombe kisha akaanza kutafuta pa kumlaza.

Najua kuna watakaopinga. Wa kwanza watasema kwamba nguvu ya jua kali ni wepesi wake wa kuhama na kufuata wateja. Kumfunga fundi kwa zege ni kumwua. Hoja hii ina uzito. Malango huuzwa kando ya barabara kwa sababu mnunuzi huyaona akipita, na mabanda yaliyojengwa mbali na njia huishia kuwa makao ya popo. Lakini hakuna sheria ya maumbile inayotaka mahali pa kuuzia pawe ndipo mahali pa kufulia. Gwaride la malango linaweza kukaa barabarani, jepesi na la kuhamishika, na nyundo nzito ikakaa nyuma, katika kiwanja cha pamoja. Wepesi ni sifa njema unapokuwa hiari ya mtu. Ukiwa umelazimishwa na hofu ya kubomolewa, huo si wepesi tena.

Wa pili watasema kwamba ardhi ya Ruiru na Thika imepanda bei mno, na kwamba kiwanja cha hamsini kwa mia hakiwezi kuachiwa wafua vyuma ilhali kinaweza kubeba jumba la vyumba vya kupangisha. Hili nalo ni kweli, na ndilo hasa linalofanya suala hili liwe la serikali wala si la soko peke yake. Soko halitatenga ardhi ya uhunzi kwa hiari yake, kama lisivyotenga ardhi ya shule au ya makaburi. Katiba ya 2010 imezipa serikali za kaunti jukumu la mipango na maendeleo ya maeneo yao, la biashara, na hata la vyuo vya ufundi vya vijijini. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 imezipa chombo cha kuitekelezea kazi hiyo. Kaunti ya Kiambu, ambayo ndani yake imo miji hii yote miwili, haina udhuru wa kisheria.

Tangu mwaka 2023 serikali kuu na zile za kaunti zimekuwa zikishirikiana kujenga maeneo ya viwanda katika kaunti, kwa mpango wa kila upande kuchangia shilingi milioni 250. Yamebuniwa hasa kwa ajili ya kukusanya na kusindika mazao ya kilimo. Ni wazo zuri. Lakini mashine ya kukamua, kusaga au kukausha mazao huharibika, na inapoharibika humtafuta mfua chuma. Itakuwa kichekesho kujenga ghala la mamilioni kisha kipuri chake kikatengenezwe mtaroni. Katika kila eneo la namna hiyo pangetengwa uwanja wa mafundi wa chuma: sakafu ya zege yenye misingi mizito iliyoachwa tayari, umeme wa fezi tatu, milango mipana, na nyundo moja au mbili za mashine za kutumiwa kwa zamu na kulipiwa kwa saa. Na muhimu kuliko yote, mikataba ya kukodi ardhi ya miaka kumi na mitano au ishirini, iliyoandikwa kwa lugha ambayo fundi anaisoma. Kabla jiwe la kwanza kuwekwa, mafundi wenyewe waitwe, wapewe chaki, wachore sakafuni mahali pa kila kitu. Mchoro wa mhandisi uje baada ya hapo, usitangulie.

Upande wetu sisi walimu, kazi ipo pia. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, wazazi kila mahali walichanga fedha za karakana za shule. Nyingi zilipata paa na kuta. Vyombo vilikuwa haba, na hatimaye baadhi ziligeuzwa madarasa ya kawaida. Sasa mtaala wa umilisi umerudisha mafunzo ya awali ya ufundi katika sekondari msingi, na tusipoangalia tutarudia kosa lilelile kwa jina jipya. Hata pale pasipo na mashine, somo la mpangilio linaweza kufundishwa bila gharama. Mwanafunzi apime chumba cha darasa, akichore kwa skeli, akate vipande vya karatasi vyenye ukubwa wa tanuri, fuawe, jiliwa na msumeno, kisha avisogeze mpaka bomba la mita 6 lipate njia. Hiyo ni hisabati, ni jiografia, ni elimu ya usalama. Na ikiandikwa maelezo yake, ni Kiswahili.

Hapo kwenye Kiswahili nina neno la mwisho. Maneno fuawe, koleo, jiliwa, tindo, tupa, kekee na mvukuto yamo katika kamusi zetu, lakini wanafunzi wengi huyakuta kwa mara ya kwanza wakiyakariri kwa ajili ya mtihani wa msamiati, kama watu wanaokariri majina ya nyota. Lugha hudumu pale kazi inapodumu. Fuawe likikosa mahali pa kukaa, neno lake nalo hubaki likizurura kurasani bila makao. Lakini palipo na karakana iliyopangwa vyema, bwana mdogo anayeambiwa na fundi wake "Niletee koleo" hatalisahau neno hilo maishani.

Basi siku nyingine mheshimiwa atakaposimama Thika au Ruiru kutuahidi mabanda, tusimwulize idadi ya mabati. Tumwulize sakafu ina unene gani, mlango una upana gani, umeme ni wa namna gani, na mkataba wa ardhi ni wa miaka mingapi. Akiwa na majibu ya maswali hayo manne, paa atalipata kwa urahisi. Asipokuwa nayo, mafundi wake wataendelea kununua tu kile kinachoweza kupakiwa mkokotenini usiku, nasi tutaendelea kununua majembe ya ng'ambo.